Veyon haizioni kompyuta 17 za maabara: ruta ya pili, funguo zisizolingana na skrini nyeusi

Swali: Nasimamia maabara ya TEHAMA ya shule ya sekondari. Tuna kompyuta 40 za wanafunzi na moja ya mwalimu, zote Windows 10, na tumeweka Veyon ili mwalimu aone skrini zote na kusaidia kwa mbali. Kompyuta 17 za mistari ya nyuma hazionekani kabisa. Programu inasema zimezimwa, na wakati huo huo wanafunzi wamekaa nazo wanaingia intaneti. Nikipiga ping (amri ya kupima kama kompyuta nyingine inajibu) kutoka kwenye mojawapo kwenda kwa mwalimu, inajibu. Katika 23 zilizobaki, nne zinakataa uthibitisho, mbili zinaonyesha weusi mtupu, na moja naiona vizuri lakini kipanya changu hakishiki kitu. Umeme ukikatika ukarudi, majina yanapishana: nafungua LAB-07 najikuta nipo LAB-12. Anwani ya mwalimu ni 192.168.1.10, ya nyuma niliyoiangalia ni 192.168.0.104. Mwisho, kitufe cha kuifanya Veyon itafute kompyuta yenyewe kiko wapi?

Jibu: Mwalimu, jibu la zile 17 liko ndani ya swali lako. Linganisha anwani mbili ulizoandika: kwako zinaanza na 192.168.1, huko nyuma zinaanza na 192.168.0. Hiyo ni mitandao miwili. Mahali fulani kati ya mstari wa mbele na wa nyuma kuna ruta ndogo ya nyumbani. Aliyeiweka huenda alitaka matundu ya ziada au Wi-Fi, akachomeka kebo kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti), akaona intaneti imewaka, akaondoka zake.

Ruta ikipokea kebo kwenye tundu hilo inajenga mtandao wake nyuma yake. Inagawa anwani zake, na kila kinachotoka nyuma yake inakivisha anwani yake yenyewe kabla ya kukipitisha. Ndiyo maana wanafunzi wa nyuma wanapata intaneti. Ndiyo maana pia ping yao inafika kwako na kujibiwa: kompyuta yako inaijibu ruta ile ndogo, nayo inapeleka jibu ndani. Lakini wewe ukiita 192.168.0.104, kompyuta yako inaona anwani hiyo si ya mtandao wake, inaikabidhi ruta kuu. Ruta kuu nayo haiijui, inaisukuma nje kwa mtoa huduma wa intaneti, na huko inapotelea. Nyuma wanakufikia, wewe huwafikii. Na katika Veyon ni mwalimu ndiye anayeita. Kwa hiyo ping uliyoipiga kutoka kwa mwanafunzi kuja kwa mwalimu ilipima upande usiohitajika. Kipimo chenye maana huanzia kwenye kompyuta ya mwalimu.

Kama unataka uhakika kabla ya kutambaa chini ya meza, kaa kwenye kompyuta ya nyuma, fungua dirisha la amri, andika:

tracert -d 192.168.1.10

Kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja huonana kwa hatua moja tu. Ukiona mstari wa kwanza ni 192.168.0.1 na wa pili ndio 192.168.1.10, ruta ya pili ndiyo hiyo.

Fuata kebo uipate. Kama kompyuta zile 17 zimechomekwa kwenye swichi (kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao), na swichi hiyo ndiyo inayolishwa na ruta ndogo, basi ruta haina kazi hapo. Itoe, ichukue kebo inayotoka mbele uichomeke moja kwa moja kwenye swichi ya nyuma, kisha zima na kuwasha kompyuta za nyuma ili ziombe anwani mpya. Hilo ndilo suluhisho ninalolipenda, kwa sababu kifaa kisichokuwepo hakiharibiki.

Kama mnaihitaji kwa ajili ya Wi-Fi au matundu yake, igeuze iwe swichi. Hapa mpangilio wa hatua ni muhimu, na wengi hujifungia nje kwa kuupindua. Kwanza chomoa kebo ya WAN. Ukiiacha, ruta itagundua kwamba anwani za ndani na za nje zimegongana, na ruta nyingi za nyumbani zitajibadilishia anwani zenyewe bila kukuuliza. Chomeka kompyuta moja kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), fungua 192.168.0.1 kwenye kivinjari, badilisha anwani ya LAN ya ruta iwe 192.168.1.2. Itajiwasha upya. Ingia tena kwa anwani mpya, na hapo tu ndipo uzime DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani. Ukizima DHCP kwanza, kompyuta uliyokaa nayo inaweza kukosa anwani ukashindwa kurudi ndani. Mwisho, kebo inayotoka mbele ichomeke kwenye tundu la LAN, si la WAN. Tundu la WAN kwa kawaida limepakwa rangi tofauti na mengine. Na iwe kebo moja tu. Ukichomeka mbili kutoka swichi ile ile ya mbele utatengeneza mzunguko, na swichi zisizo na ulinzi zitaelemewa mpaka maabara nzima ikae kimya.

Baada ya hapo ruta kuu itabeba mzigo wote: kompyuta 41, printa, na simu za kila aliyepewa nywila ya Wi-Fi. Tazama wigo wake wa DHCP. Ukiwa 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, hizo ni anwani 50, na simu 10 tu zitaumaliza. Kompyuta itakayokosa nafasi itajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona namba hiyo popote, jua kwamba kompyuta iliomba anwani na haikujibiwa.

Sasa majina yanayopishana. Chanzo chake kinakaribiana na hicho. Orodha yako ndani ya Veyon inaelekea ina anwani za IP zilizonakiliwa siku ya kwanza, na anwani hizo ni za DHCP, za kuazima. Umeme ukikatika, ruta nyingi ndogo husahau nani alipewa nini. Ukirudi, anayewahi anachukua. Windows hujaribu kuomba anwani yake ya zamani, lakini ikikuta simu ya mtu imeshaikalia itapewa nyingine. Veyon haijui mabadiliko hayo, inaita 192.168.1.112 na kuipachika jina ulilolipa wewe.

Unaweza kuorodhesha kwa jina la kompyuta badala ya anwani, ila kwenye mtandao usio na seva ya DNS ya ndani (inayogeuza majina kuwa anwani) majina hutafutwa kwa kutangaziana chumbani, na utangazaji huo huzimwa kirahisi na fayawoli, kinga inayozuia miunganisho isiyoruhusiwa. Tena kuna mtego wa maabara zilizonakiliwa diski moja kwenda zote: kompyuta 40 zote zinaweza kuwa na jina moja. Hakikisha kila moja ina jina lake. Ndani ya PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) iliyofunguliwa kwa haki za msimamizi:

Rename-Computer -NewName "LAB-07" -Restart

Kwa maabara ya ukubwa wako ningeweka anwani za kudumu zinazofanana na majina. Sogeza wigo wa DHCP uwe 192.168.1.150 hadi 192.168.1.249, kwa ajili ya simu na wageni, kisha LAB-01 iwe 192.168.1.101, LAB-07 iwe 192.168.1.107, LAB-40 iwe 192.168.1.140. Mtu akisema "ya saba imegoma" tayari unajua anwani yake. Amri zenyewe, kwenye dirisha la msimamizi:

netsh interface ip set address name="Ethernet" static 192.168.1.107 255.255.255.0 192.168.1.1
netsh interface ip set dns name="Ethernet" static 192.168.1.1

Neno Ethernet ni jina la kadi ya mtandao. Kama kwenye kompyuta yako linasomeka Ethernet 2, andika hivyo hivyo.

Kuhusu kitufe cha kutafuta: hukioni kwa sababu Veyon ya kawaida haitembei mtandaoni kutafuta kompyuta. Inaita zile tu ulizoiandikia. Uwezo wa kutambua kompyuta zenyewe upo kama nyongeza ya kulipia, na zaidi ya hapo kuna njia ya kusoma orodha kutoka seva ya LDAP au Active Directory (seva zinazotunza orodha ya watumiaji na kompyuta) kwa shule zilizo nayo. Kwa kompyuta 40 zisizohamahama, orodha ya mkono inatosha, wala hailazimu kuibofya moja moja. Tengeneza faili la maandishi, uliite C:\orodha.csv, lenye mistari ya namna hii, sehemu ya mwisho ya kila mstari ikiwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao):

Maabara;LAB-01;192.168.1.101;3C:52:82:00:00:01
Maabara;LAB-02;192.168.1.102;3C:52:82:00:00:02

Kisha kwenye kompyuta ya mwalimu, ndani ya folda ya Veyon iliyo kwenye Program Files, futa orodha ya zamani na uingize mpya:

veyon-cli networkobjects clear
veyon-cli networkobjects import C:\orodha.csv format "%location%;%name%;%host%;%mac%"

MAC uliyoiweka hapo ndiyo itakayotumika kuwasha kompyuta kwa mbali, kama BIOS zao zinaruhusu.

Ukishamaliza haya, huenda zitabaki mbili tatu ambazo bado hazionekani. Kwa kila moja, nenda kwa mpangilio huu: je, ujumbe unafika? Je, kuna anayesikiliza? Je, anakukubali? Usiruke. Watu wengi huanza na la tatu, wanatengeneza funguo upya mara nne, kumbe kebo imelegea.

La kwanza. Kutoka kwa mwalimu piga ping kwenda anwani ya mwanafunzi, na usome maneno yanayorudi, maana kushindwa kuna aina mbili. Mkiwa mtandao mmoja na ukaona "Destination host unreachable" ikitoka kwa anwani yako mwenyewe, maana yake uliuliza "nani ana anwani hii?" na hakuna aliyeitika: kompyuta imezimwa, kebo imekatika, au ipo kwenye Wi-Fi iliyozuia vifaa kuonana. Ukiona "Request timed out", kuna mtu pale ila hataki kujibu. Mara nyingi ni fayawoli ya Windows. Kuhakikisha, mara tu baada ya ping andika arp -a. Anwani ya mwanafunzi ikionekana na MAC yake pembeni, kompyuta iko hai na kebo ni nzima.

Hapo ndipo Veyon inapowachanganya wengi. Ikishindwa kuunganika, yenyewe hupiga ping ili iamue iandike nini: ikijibiwa, inasema huduma haipatikani, isipojibiwa, inasema kompyuta imezimwa. Kwa kuwa fayawoli ya Windows inaweza kukataa ping, "imezimwa" ya Veyon ichukue kama "haijanijibu", basi.

La pili, anayesikiliza. Kwenye kompyuta ya mwanafunzi Veyon hupokea wageni kupitia mlango wa TCP namba 11100. Kutoka kwa mwalimu, ndani ya PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.107 -Port 11100

TcpTestSucceeded ikiwa True, songa kwenye la tatu. Ikiwa False, usikimbilie kulaumu fayawoli, kwa sababu fayawoli ya Windows ina tabia ya kukaa kimya hata kwenye mlango usio na mtu. Kutoka nje huwezi kutofautisha huduma iliyozimwa na mlango uliozuiwa. Nenda kwenye kompyuta yenyewe:

netstat -ano | findstr 11100

Kusipotokea kitu, huduma ya Veyon haifanyi kazi. Iwashe kwa veyon-cli service start, kisha fungua orodha ya huduma za Windows uhakikishe imewekwa ijiwashe yenyewe. Ikizimika tena baada ya muda, tazama rekodi za antivirusi: programu za kudhibiti kompyuta kwa mbali hushukiwa mara kwa mara, na faili la veyon-server huwekwa karantini. Iongeze folda nzima ya Veyon kwenye orodha ya zinazoruhusiwa.

Ukiona mstari wenye LISTENING lakini mwalimu bado anapata False, hapo sasa ni fayawoli. Chanzo cha kawaida ni kwamba Windows iliuliza mtandao huu ni wa aina gani, mwanafunzi akabofya jibu linaloufanya uhesabiwe wa umma. Na ukibadilisha ruta, kama ulivyofanya hapo juu, Windows inaweza kuuona mtandao kuwa mpya na kuuweka tena wa umma. Badala ya kuhangaika na aina ya mtandao, andika sheria isiyojali aina, ila inayomruhusu mwalimu peke yake:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Veyon mwalimu" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 11100 -RemoteAddress 192.168.1.10 -Action Allow -Profile Any

Tafadhali usizime fayawoli nzima "kwa kujaribu". Majaribio ya namna hiyo hubaki mwaka mzima.

La tatu ndilo la zile nne zinazokataa. Hizo zimefikiwa na zinasikiliza, ila hazikuamini. Kama mnatumia funguo, yaani faili zinazomthibitisha mwalimu kwa kompyuta za wanafunzi, mpangilio ni huu: ufunguo wa siri unakaa kwa mwalimu tu, ufunguo wa umma uliozaliwa nao unakaa kwa kila mwanafunzi, na jina la ufunguo ni lile lile pande zote. Kosa linalojirudia kuliko yote ni fundi kwenda kompyuta hadi kompyuta na kubofya kitufe cha kutengeneza jozi mpya ya funguo kila mahali. Jina litafanana, ufunguo utakuwa mwingine. Ukague kwa amri hii, kwa mwalimu na kwa moja ya zile nne:

veyon-cli authkeys list details

Linganisha namba ya jozi. Zikitofautiana, umepata jibu. Kwa mwalimu utoe ufunguo wa umma kwenye flashi:

veyon-cli authkeys export mwalimu/public E:\mwalimu_umma.pem

Na kwa mwanafunzi ufute uliopo, uingize huo:

veyon-cli authkeys delete mwalimu/public
veyon-cli authkeys import mwalimu/public E:\mwalimu_umma.pem

Neno mwalimu hapo ni jina la ufunguo. Weka lile unaloliona kwenye orodha yako. Ukikuta pia mwalimu/private kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ufute papo hapo. Ukikuta ufunguo huo wa siri ni ule ule wa kompyuta ya mwalimu, kuufuta hakutoshi, maana aliyeunakili anaweza kuangalia skrini za wenzake wote: tengeneza jozi mpya na uisambaze upya.

Jambo lingine la kukagua ni njia ya uthibitisho. Upande mmoja ukitumia faili za funguo na mwingine ukitumia jina na nywila za Windows, hawataelewana kamwe. Njia rahisi ni kuhifadhi mipangilio ya kompyuta moja inayofanya kazi kuwa faili, kisha kwa zile nne:

veyon-cli config import E:\veyon.json
veyon-cli service restart

Kumbuka tu kwamba faili hilo halibebi funguo. Funguo husafiri peke yake.

Kama siku moja mwalimu mwenzako ataingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta ya mbele na Veyon ikamwambia hakuna faili za funguo, hilo si tatizo la wanafunzi. Akaunti yake haina ruhusa ya kusoma ufunguo wa siri. Tengeneza kundi la Windows, liite Walimu, muingize humo, kisha:

veyon-cli authkeys setaccessgroup mwalimu/private Walimu

Atoke kwenye akaunti aingie tena, la sivyo Windows haitatambua kundi lake jipya.

Na kama kompyuta inakubali leo, kesho asubuhi inakataa, uliza kama ina programu ya kugandisha diski kama Deep Freeze. Nyingi za maabara huwa nazo. Kila ulichoweka wakati diski imeganda hufutika ikizimwa: ufunguo, jina jipya, sheria ya fayawoli, vyote. Iyeyushe kwanza, fanya kazi yote, uwashe upya mara moja kuona vimebaki, ndipo uigandishe.

Skrini mbili nyeusi. Kwa kuwa jina linaonekana na hazikukataa, mtandao na funguo ni salama. Kinachoshindikana ni kunasa picha. Anza na kitu cha kijinga: je, kompyuta ina monita iliyochomekwa na kuwashwa? Baadhi ya kadi za picha haziandai picha yoyote zisipoona monita. Kama ipo, fungua Veyon Configurator (programu ya mipangilio ya Veyon) kwenye kompyuta hiyo, ingia sehemu ya seva ya VNC, inayonasa na kutuma picha ya skrini. Kuna chaguo la Desktop Duplication Engine, njia ya kunasa skrini ya Windows 8 na kuendelea. Kwenye madereva fulani ya kadi za picha njia hiyo hutoa weusi au picha iliyoganda. Liondoe, hifadhi, washa huduma upya, utazame. Ikirudi, umemaliza, ingawa mashine hiyo itatumia nguvu zaidi ya prosesa. Isiporudi, sasisha dereva wa kadi ya picha kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. (Siku mtakapohamia Linux, weusi una chanzo kingine: Veyon huko inategemea X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha skrini, kwa hiyo kikao cha Wayland, mfumo mpya wa kazi hiyo, hakionekani. Kwenye matoleo ya Ubuntu ambayo bado yana kikao cha X11, weka WaylandEnable=false ndani ya /etc/gdm3/custom.conf.)

Kipanya kisichoshika: hakikisha hukufungua dirisha la kutazama badala ya la kudhibiti. Veyon ina vyote viwili, vinafanana sana, na ukibofya mara mbili picha ya kompyuta kinachofunguka hutegemea mipangilio. Juu ya dirisha lenyewe kuna kitufe cha kuhama kutoka kutazama kwenda kudhibiti. Kama tayari uko kwenye kudhibiti, muulize mwanafunzi kama ameachia kipanya chake. Chake hakizimwi unapoingia. Mkivuta wawili, kishale kinarukaruka na kila mmoja anadhani mashine imeharibika.

Ukidhibiti kwa kuchelewa, picha ikifuata kipanya sekunde mbili nyuma, chunguza kama mwalimu yuko kwenye Wi-Fi. Kompyuta ya mwalimu inapokea picha kutoka kwa wote 40 kwa wakati mmoja na inastahili kebo kuliko nyingine yoyote. Pia punguza kasi ya kusasisha picha ndogo: kawaida ni kila milisekunde 1000. Weka 3000. Macho ya mwalimu hayatajua tofauti, swichi itajua.

Kuna mlango mmoja zaidi ambao hujauuliza ila utaukuta, kwa hiyo ufungue leo. Mwalimu anapowaonyesha wanafunzi skrini yake, mwelekeo unageuka: safari hii wanafunzi ndio wanaoita, na wanaita kompyuta ya mwalimu kwenye mlango wa 11400. Shule nyingi hufungua 11100 kila mahali na kusahau huu, kisha kila kitu kinafanya kazi isipokuwa onyesho, ambalo huleta madirisha meusi kwa wote 40. Kwenye kompyuta ya mwalimu:

New-NetFirewallRule -DisplayName "Veyon onyesho" -Direction Inbound -Protocol TCP -LocalPort 11400 -RemoteAddress LocalSubnet -Action Allow -Profile Any

Milango hii yote miwili ni ya ndani ya maabara. Fundi akikushauri uifungue kwenye ruta kuu ili usimamie ukiwa nyumbani, mkatalie.

Itakayobaki imegoma baada ya haya yote, nyanyua kiwango cha kumbukumbu za matukio (log) hadi cha juu kabisa kwenye Configurator ya kompyuta hiyo, washa huduma upya, jaribu kuunganika mara moja kutoka kwa mwalimu, kisha soma VeyonServer.log ndani ya C:\Windows\Temp. Anza chini kwenda juu, ukitafuta dakika ile ile uliyobofya. Kusipokuwa na mstari wowote wa dakika hiyo, ujumbe wako haukufika, na unarudi kwenye kebo na fayawoli. Mstari ukiwepo, utasema ni ufunguo au ni sheria ya ruhusa iliyokukataa. Sheria hizo husomwa kutoka juu kwenda chini na ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua, kwa hiyo sheria ya kukataa iliyowekwa juu huzifunika zote za chini yake. Ukimaliza, rudisha kiwango cha kumbukumbu chini, kwa sababu faili hilo hukua haraka kwenye diski ndogo.